Mwaka Mwili Wangu Ulipozimika

Siku tuliyomzika dada yangu Akoth, shemeji yangu Okelo alisimama mbele ya hema akiegemea mkongojo, akashika kipaza sauti, na kunyoosha kidole upande niliokuwa nimeketi. "Huyu mnayemwona hapa," aliwaambia waombolezaji, "wakati mmoja alikuwa maiti inayotembea. Tulimbeba tukampeleka hospitali, na Mungu akatenda." Watu walinigeukia, wengine wakapiga makofi. Nami nikainamisha kichwa kama inavyompasa mtu anayesifiwa kwa kufufuka. Sikumkasirikia. Okelo amezeeka, na mzee akishasimulia jambo mara nyingi hujikuta amekuwemo hata mahali ambapo hakuwapo. Lakini neno lile "tulimbeba" lilinisumbua siku nzima, kwa sababu aliyenibeba alikuwa mmoja, na ndiye aliyekuwa amelala ndani ya jeneza asiweze kumsahihisha mumewe. Jioni, wapwa zangu walinitandikia kitanda katika chumba cha nyuma cha nyumba yao ya hapa Homa Bay. Hawakujua kwamba nilikwisha kuishi humo mwaka mzima kabla hata wao hawajazaliwa. Nimeketi humo sasa, na ninaandika jinsi ilivyokuwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nikichimba dhahabu Macalder. Nilikuwa mtu wa nguvu. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa kuwa kijana ninayemzungumzia hayupo tena na sifa zake haziniongezei kitu. Niliweza kushinda shimoni tangu asubuhi, nikatoka na kupiga mpira jioni, kisha nikala ugali wa watu wawili. Nilikuwa nimemposa msichana aitwaye Awino, na ng'ombe wa kwanza walikuwa wamekwisha kupelekwa kwao. Kuhusu ajali yenyewe sina mengi, maana sikuiona. Jiwe lilichomoka kwenye mdomo wa shimo wakati mimi niko chini nikijaza gunia, likanipiga kichwani upande wa kulia. Nilipozinduka nilikuwa kitandani hospitalini Migori, uso umevimba, na maji meupe yakinidondoka puani ingawa sikuwa na mafua. Wiki za mwanzo nilishikwa na kiu ambayo sijapata kuiona tena maishani. Nilikunywa maji jagi baada ya jagi na kukojoa bila kukoma, hadi mgonjwa wa kitanda cha jirani akaniuliza kama nimemeza chumvi ya gunia zima. Kisha kiu ikaisha yenyewe, uvimbe ukashuka, mfupa ukaunga, wakaniruhusu kwenda nyumbani. Kanisani walinisimamisha mbele nitoe ushuhuda. Kila mtu alisema nimepona, na mimi nilisema hivyo hivyo.

Akoth hakutaka nirudi Macalder. Alikuja kunichukua akanileta Homa Bay, nikae kwake hadi nipate nguvu, na akanipa chumba hiki. Wakati ule kilikuwa ghala la Okelo, aliyekuwa akiuza nyavu kwa wavuvi. Nyavu mpya zilikuwa kwenye magunia hadi karibu na dari, zikinuka mafuta na nailoni, na kitanda changu kilibanwa kati ya magunia hayo na ukuta wa mbao uliotutenganisha na sebule. Ukuta huo haukufika juu. Palibaki nafasi ya kutosha mkono kupita, na kwa nafasi hiyo nilisikia kila kilichosemwa sebuleni mwaka ule: maombi kabla ya chakula, habari za redio, bei za samaki, na baadaye habari zangu mimi mwenyewe. Akoth alikuwa mpishi hodari. Asubuhi aliniletea uji wa wimbi wenye ndimu, mchana nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja hadi yakapasuka, na jioni samaki wa kuchemsha kwa nyanya na kitunguu, pamoja na ugali ambao tulizoea kuuita kuon. Alikuwa na hakika kwamba chakula kingenirudisha. Lakini siku zilivyokwenda nilianza kusukuma sahani. Haikuwa kwamba chakula kilikuwa kibaya. Njaa haikunijia tena, kama mgeni aliyeacha kupiga hodi.

Uchovu ulikuja polepole kiasi kwamba sikuweza kusema umeanza siku gani. Kwanza nililala baada ya chakula cha mchana. Halafu nililala kabla ya chakula. Halafu nikawa nikiamka asubuhi nimechoka kuliko nilivyolala, na kusimama tu kulinifanya nishike ukuta hadi giza liniondoke machoni. Homa Bay kuna joto la kukausha dagaa kwa nusu siku, nami nilivaa sweta na soksi, nikatetemeka. Sauti yangu ikawa nzito na ya polepole, nikawa natafuta maneno kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka gizani. Ngozi ilipauka na kukauka, ikawa na mikunjo midogo midogo kando ya macho. Kisha kukawa na jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilikuwa na ndevu, si nyingi, lakini nilinyoa kila Jumamosi ili Jumapili nionekane mtu. Siku moja niliangalia kioo nikaona sijanyoa kwa muda mrefu na hakuna kilichoota. Na ule uanaume mwingine, unaomwamsha kijana alfajiri hata asipoutaka, ulikuwa umekwenda kimya kimya. Wakati huo niliona haya hata kuuwaza. Leo ni mzee, nauandika.

Okelo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kazi, na macho yake yalimwambia kwamba hapa kuna kijana mwenye viungo vyote, asiye na kidonda wala bandeji, anayelala mchana. "Shemeji," aliniambia siku moja akiwa amesimama mlangoni, "mwili ni kama injini. Ukiuacha, unashika kutu. Enda Remba ukae na wavuvi wangu kidogo. Hewa ya kule itakuamsha." Akoth alipinga, lakini mimi mwenyewe nilikubali, kwa kuwa nilitamani awe amesema kweli. Remba ni mwamba mdogo ndani ya ziwa, nyumba za mabati zimebanana hadi majini, na kila mahali palipo wazi pametandazwa omena, wale dagaa wa ziwani. Kazi niliyopewa ilikuwa ile wanayopewa watoto na kina mama wazee, kugeuza omena juani kwa fagio na kufukuza ndege. Nilifagia kipande kidogo, nikaketi. Nikafagia kingine, nikaketi. Mama mmoja mwenye omena zile, mtu mwenye sauti ya kuvuka maji, akawauliza wenzake kwa Kiswahili ili wageni wote wa pale waelewe: "Huyu Okelo ametuletea mfanyakazi ama ametuletea mgonjwa tumuuguze?" Walicheka. Siku chache baadaye nilitapika mbele yao na kuanguka juu ya zile omena, na wavuvi wakanirudisha Homa Bay nimelala sakafuni mwa boti katikati ya madumu ya mafuta. Hapo ndipo nilipoacha kujitetea. Nilianza kuamini kwamba labda kweli ni uvivu, kwamba jiwe lilikuwa limenitoa aibu kichwani.

Awino alikuja kunitembelea kipindi hicho. Alikuwa amevaa gauni la kitambaa cha maua, ameleta maparachichi kutoka kwao, na Akoth kwa busara yake akatuacha peke yetu. Aliketi juu ya gunia la nyavu akinitazama usoni, akitafuta yule aliyemjua. Nami nilimtazama. Nilikumbuka yote: mahali tulipokutana, jinsi nilivyokuwa nikitembea kutoka Macalder hadi kwao kwa miguu nimwone kwa saa moja tu. Nilikumbuka, lakini sikuhisi kitu. Ilikuwa kama kukumbuka namba ya nyumba. Hofu niliyoipata wakati ule ndiyo hofu kubwa kuliko zote za mwaka ule, kubwa hata kuliko ya kufa.

"Odhis," aliniuliza, "niambie ukweli. Ningoje ama niende?"

"Sijui," nikamjibu.

"Hujui, ama hutaki?"

"Sijui, Awino."

Kisha akasimama, akarekebisha blanketi miguuni pangu kama anavyofunikwa mzee, akatoka. Nilimsikia sebuleni akimuaga Akoth kwa sauti ya kawaida kabisa, na Akoth akamwambia, "Hatukulaumu, nyathiwa." Mtoto wetu. Mlango ukafungwa. Sikulia. Hata machozi yanahitaji kitu fulani mwilini, na kitu hicho sikuwa nacho.

Jumapili moja mchana, baada ya kanisa, walidhani nimelala. Okelo alikuwa akila, nilisikia kijiko. "Watu wanasema ni chira," alisema. Chira ni ule ugonjwa wa kukonda ambao kwetu husemwa humpata aliyevunja mwiko. "Wanasema kuna kitu alifanya kule Macalder. Mimi siamini sana, lakini wanasema."

"Wacha waseme," Akoth alijibu.

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi nimechoka, Okelo," dada yangu alisema. "Kila asubuhi nikifungua ule mlango naomba nikute amepona ama nikute amekufa. Moja kati ya hayo. Saa zingine naona heri lile jiwe lingemmaliza kule kule."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nimeshasema."

Baada ya muda mlango ulifunguliwa, akaingia na sahani. Alikuwa samaki aina ya ngege, na Akoth alikuwa amemtoa miiba yote kwa vidole vyake, kwa sababu alijua kutafuna kunanichosha. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akanishikia sahani, akaniambia nijaribu hata vipande vitatu. Nilijaribu. Tangu hapo nimekutana na watu wengi walioniambia maneno matamu na hawakuwahi kunitolea samaki miiba. Sikumwambia kamwe kwamba nilisikia, na nikiyawaza maneno yale leo sioni ndani yake ukatili wowote. Naona mwanamke aliyekuwa akibeba mtu mzima peke yake, bila kujua anambeba kumpeleka wapi.

Aliamua kunipeleka kliniki moja ya binafsi mjini, sitaitaja, na haikuwa na nia mbaya. Walitoa damu wakaipeleka kupimwa, na majibu yalipokuja wakatuambia kwamba tezi ya shingo imelala. Ndiyo sababu ya baridi, ndiyo sababu ya uchovu. Akoth alifurahi kama aliyeambiwa jina la mwizi. Tulipewa vidonge vidogo vyeupe vya kuiamsha. Ugonjwa ulikuwa na jina ambalo si uvivu wala chira! Nilivimeza kwa imani. Wiki haikuisha kabla sijaanza kuzama. Nilitapika hata maji. Tumbo lilikata, jasho baridi likanitoka, mara namwona Akoth mbele yangu, mara namwona mama yetu aliyekuwa kijijini, na mara sioni mtu. Okelo alikuwa amekwenda Remba na nyavu. Kulikuwa na mwanamume aliyekuwa akisambaza maji mtaani kwa mkokoteni. Akoth alimsimamisha, akamwambia ashushe madumu yote barabarani, akanibeba mgongoni kutoka chumba hiki hadi nje kama alivyonibeba nikiwa mtoto, akanilaza juu ya mbao zilizolowa. Walikwenda pamoja, yule mwanamume akivuta mbele na dada yangu akisukuma nyuma, jua la saa sita kichwani, hadi hospitali kubwa. Huko ndiko kubebwa kwenyewe.

Yaliyofuata nayajua kwa kusimuliwa na Akoth, naye aliyasimulia kila mara kwa maneno yale yale. Daktari aliyekuwa zamu alikuwa mwanamke mwembamba kutoka Ntimaru, jina lake Robi. Alipima presha yangu mara mbili kwa sababu ya kwanza hakuiamini. Sukari ilikuwa chini. Kisha akanipapasa kichwa, vidole vyake vikasimama upande wa kulia.

"Hili kovu ni la nini?"

"Jiwe," Akoth akasema. "Kwenye mgodi. Lakini hiyo ilipona."

"Baada ya jiwe alikuwa anakunywa maji mengi?"

"Daktari, karibu amalize kisima."

"Ndevu anazo?"

Akoth alisema swali hilo lilimfanya anitazame kana kwamba hajaniona miezi yote ile. "Alikuwa nazo," akajibu. "Siku hizi uso ni kama wa mtoto." Kisha akatoa vile vidonge vyeupe kwenye fundo la leso. Daktari Robi akavitazama, akafumba macho kidogo.

"Usimpe tena kwanza," akasema. "Havijakosea ugonjwa, vimekosea zamu. Ni kama kumchapa punda akimbie na hajala. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya kunde. Hiyo ndiyo inaamrisha zingine zote, ya shingo, zilizo juu ya figo, za uanaume. Nafikiri jiwe liliiumiza. Sina hakika. Damu itabidi iende Kisumu, na majibu hayatakuja leo. Lakini nikingoja majibu, huyu atakufa. Nataka kwanza kumchoma sindano sasa, ya kile ambacho tezi za juu ya figo zimeacha kutoa. Unakubali?"

"Ni ndugu yangu," Akoth akasema. "Choma."

Ninalolikumbuka mimi mwenyewe linaanzia jioni ya siku hiyo. Nilifungua macho nikaona chupa ya maji ya dripu, na nyuma yake dirisha, na nje ya dirisha mwanga wa manjano juu ya mabati. Vitu vilikuwa na kingo. Sijui niliseme kwa namna gani nyingine: mwaka mzima nilikuwa nikiutazama ulimwengu kupitia chandarua, na sasa mtu alikuwa amekifunua. Kitanda cha pili mtu alikuwa akila, na harufu ya mchuzi ikanifikia, na mate yakanijaa mdomoni. Nilimgeukia dada yangu aliyekuwa amesinzia kwenye kiti cha mbao. "Akoth," nikamwambia, "nina njaa." Alifungua macho, akanitazama, akauliza nimesema nini. Nikarudia. Alinyanyuka, akatoka kwenye ujia, na kutoka huko nikamsikia akilia kwa sauti, kilio kile kile tunachomlilia maiti, hadi wauguzi wakaja mbio wakidhani nimekufa.

Majibu ya Kisumu yalimthibitishia daktari alichokisema. Dawa ya ile sindano nilipewa kwa vidonge, nimeze kila siku maisha yangu yote, kisha baadaye vile vidonge vya shingo nikarudishiwa kwa zamu yake, na sindano ya uanaume kila baada ya wiki kadhaa. Nguvu zilirudi, si zote. Ndevu ziliota. Na katika mwezi wa pili wa zile sindano, nikiwa nimeketi uani nikimenya viazi, nilianza ghafla kumtamani Awino. Hapakuwa na onyo. Upendo wote uliokuwa umefungiwa mahali ulinirudia kwa mpigo mmoja, na gauni lake la maua, na mkono wake ukirekebisha blanketi. Niliacha viazi, nikaingia ndani kuvaa viatu. Akoth alisimama mlangoni. "Nyathi minwa," aliniambia, mtoto wa mama yangu, "ameolewa. Yuko Rongo. Nilikuwa nasubiri upate nguvu ndio nikuambie." Nilivua viatu. Ule ndio ulikuwa mwisho wa mwaka ule, kwa hesabu yangu. Baadaye nilihamia Migori, nikajifunza ushonaji, nikaoa mjane mwema mwenye watoto wake, nao ndio wanaoniita baba. Wa damu yangu sikujaliwa. Daktari Robi alikuwa ameniambia hilo waziwazi, akiwa ameshika kalamu bila kuandika kitu.

Aliniambia na jambo jingine, na Akoth alikuwepo. Mwili wa mtu asiye mgonjwa, alisema, ukipatwa na homa au jeraha au habari ya msiba, huongeza wenyewe homoni ya kustahimili mshtuko, ile ya tezi za juu ya figo. Wangu hauwezi. Siku ya namna hiyo ni lazima niongeze dawa kwa mkono wangu, la sivyo ninaweza kuanguka kama nilivyoanguka siku ya mkokoteni. Mimi nilisikia nusu, lakini Akoth alilisikia lote. Simu zilipokuja, ikawa kila anaponipigia na sauti yake imebadilika, hakuanza na habari. Alianza na, "Dawa iko karibu?" Nikiuliza kuna nini, alijibu, "Kunywa kwanza, halafu nikwambie." Nami nilimeza, na yeye akangoja hewani, nikisikia anavyopumua, hadi aone muda umetosha. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa kifo cha mama yetu. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa kifo cha mtoto wake wa kwanza, na ni yeye mfiwa aliyekuwa akinisubiri mimi.

Wiki iliyopita simu iliita nikiwa kwenye cherehani. Ilikuwa namba yake, lakini sauti ilikuwa ya binti yake mdogo. "Mjomba," alisema, "Mama ametuacha," akaanza kulia. Alisema hivyo tu, moja kwa moja, maana hakuna aliyemfundisha. Nilimwambia anipe dakika chache. Nikaweka simu juu ya kitambaa, nikafungua mkoba, nikameza vidonge mara mbili ya kawaida kwa maji ya chupa. Nikaketi, mikono magotini, nikangoja muda ule ule aliokuwa akiningojea. Ulipotimia, ndipo nikalia.